Bwana wa Kizibao cha Njano

Dar nimeendesha gari miaka mingi na sijawahi kubishana na taa za barabarani. Kule taa ni pambo. Anayeamua ni trafiki. Iwe nyekundu, iwe kijani, iwe imezimika kabisa, trafiki akikuita kwa mkono unakwenda, na ukijifanya unasubiri taa utapigiwa honi mpaka ujute kuzaliwa.

London wao wana imani na taa. Barabara tupu, hakuna gari wala paka, na watu wazima na akili zao wamesimama mbele ya nyekundu wakiitazama kwa heshima zote. Kukata kona ya kulia ndiyo ibada kamili: unasogea katikati, unasubiri wanaokuja mbele yako wapite, na ikiwa nyekundu hata kusogea husogei. Mwalimu wangu wa udereva alinihubiria hayo kila somo, nami nikaitikia kila somo. Niliitaka leseni yao vibaya mno, maana ya Dar kwao haihesabiki.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Msimamizi wangu, Mkenya, alishaniambia, "Dada, ukipass tu, round ya Ilford ni yako, na gari ya kampuni." Maana yake ningewazungukia wazee wa mtaa wa Ilford kwa gari, niache kukimbizana na mabasi, nikifika kwa bibi wa watu nimelowa chapachapa, halafu mgonjwa ndiye anayenitafutia mimi taulo.

Siku ya mtihani niliendesha kama nimebeba trei za mayai. Mtahini alikaa kando yangu. Tukafika njia panda, natakiwa nikate kulia, taa nyekundu. Nikasimama vizuri, hata mwalimu wangu angelia kwa furaha. Pembeni mafundi walikuwa wanachimba barabara. Mmoja wao, bwana mnene mwenye kizibao cha njano kinachong'aa, akatokeza mbele yetu, akanyoosha mkono na kuita: njoo, njoo.

Nikaenda. Mguu haukuniomba ruhusa. Mtahini akakanyaga breki ya upande wake, mkanda ukanibana kifua. Yule bwana alikuwa anamwita mwenzake alete chai.

"That light was red," mtahini akasema.

"But he called me," nikamjibu.

Nyumbani nikamsimulia binti yangu, mzaliwa wa hapa hapa Tottenham. "Sasa mwanangu, trafiki akikuita, wewe ungefanyaje?"

"Mum, what's a trafiki?"

Nilicheka sana. Halafu nikaenda jikoni nikalia, maana nilijua Ilford imeshakwenda.

Wiki iliyofuata Ilford akapewa dada mwingine, mwenye leseni yake. Mimi nilikuwa kituoni, mvua inanipiga, bibi wa kwanza ananisubiri nimwamshe. Basi likaja. Nikanyoosha mkono, nikapunga kwa nguvu zangu zote. Dereva akanitazama usoni, akapita.

Dereva huyo, asiyeitika mkono wa mtu, bila shaka alifaulu mtihani wake mara ya kwanza.