Dirisha la Kipkurui

Siku Kimeli alipomwona Kipkurui kwa mara ya kwanza, mtu huyo alikuwa amesimama kwenye ploti tupu iliyopakana na chai yake, akitazama bonde linaloteremka hadi kiwanda cha Mogogosiek kama mwenye njaa anavyotazama sufuria.

"Jirani, chai hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na huwa unaiangalia?"

Kimeli alicheka kwa haya. "Huwa naichuma."

Kipkurui alikuwa mzaliwa wa Kipkelion. Miaka mingi alikuwa amelinda lango la jumba moja huko Qatar, mbele yake mchanga, nyuma yake mchanga. Alipoanza kujenga, kitu cha kwanza alichomwonyesha fundi ni mahali pa dirisha, pana kama mlango wa zizi, likitazama bonde kupitia juu ya chai ya Kimeli.

Siku ya maombi ya kufungua nyumba, Chepkemboi, mke wa Kimeli, alimpelekea mursik, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Ndivyo mtu anavyokaribishwa kwao. Kipkurui, ambaye Qatar ilikuwa imemsahaulisha ladha hiyo, alionja, akatema kwenye nyasi mbele ya pasta.

"Mama, haya ni maziwa ama ni jiko?"

Watu wakacheka. Chepkemboi alifuta mdomo wa kibuyu kwa leso, akaondoka. Kimeli alitafuta la kujibu asipate. Maneno yake huwa yanafika watu wakiwa wameshakwenda nyumbani.

"Baba Cheptoo, umenyamaza tu," mkewe alimwambia njiani.

"Nimenyamaza. Sijasahau."

Tangu siku hiyo hakuchuma tena chai iliyokuwa mbele ya dirisha lile. Chai ikiachwa bila kuchumwa wala kupogolewa husahau kwamba ni chai na kuwa mti. Ilifika kiunoni, ikafika begani, ikapita kichwa. Majirani walisema Kimeli amerogwa. Kipkurui alikuja kwenye ua kubembeleza.

"Bwana Kimeli, kata hata hapo katikati tu. Vibarua nitalipa mimi."

"Chai ni yangu."

"Lakini huchumi!"

"Ni yangu hata nisipochuma."

Kila Kimeli alipoona pazia la dirisha lile limefungwa mchana kweupe, chakula kilimshuka vizuri.

Kisha binti yao Cheptoo, mwalimu huko Lodwar, akajifungua. Ng'ombe wa Chepkemboi alikuwa karibu kuzaa, kwa hiyo Kimeli ndiye aliyekwenda kumwona mjukuu. Hakuwa amewahi kulala mbali zaidi ya Kericho. Alikaa Lodwar hadi mtoto akaanza kucheka. Mwanzoni mawe na joto vilimshangaza. Baadaye macho yake yakaanza kuwa na njaa. Jioni moja Cheptoo alimwonyesha kwenye simu picha ya bonde la kwao, na usiku huo hakugusa chakula. Hapo ndipo alipojua ni kitu gani hasa alichomnyima jirani yake. Hakumhurumia. Alifurahi kwamba alikuwa amelenga vizuri.

Aliporudi, alisimama juu ya kilima akatazama kwao kwa mara ya kwanza maishani, majani yamelala sawasawa kutoka mteremko hadi mteremko, na ukungu ukipanda polepole. Katikati yake palikuwa na kichaka cheusi, kama kidonda. Kichaka hicho kilikuwa chake.

Chepkemboi alimpokea na habari. "Yule mtu ameuza nyumba. Anarudi Qatar Jumamosi. Anasema kama ni kukaa gizani, heri giza lenye mshahara."

Kimeli alichukua panga, akaanza kulinoa.

"Si ungoje kwanza aondoke?"

"La. Kwanza aone anachokiacha."

Alikata chai yote ile hadi usawa wa goti. Bonde likafunguka. Ijumaa pazia lilivutwa kando, na Kipkurui akaketi dirishani mpaka giza likaingia, mizigo yake haijafungwa. Kimeli alikuwa chini ya dirisha akikusanya matawi bila haraka yoyote, akionja utamu.

Asubuhi Kipkurui alikuja uani, begi mkononi. Hakutukana, na jambo hilo lilimuudhi Kimeli.

"Ulikuwa umeenda wapi, jirani?"

"Lodwar."

Kipkurui alitikisa kichwa.

"Ndiyo maana," akasema. "Mtu ambaye hajawahi kutoka hapa hangejua hii itauma."