Mchanga Niliomwaga Chini ya Lami

Leo kosa langu limechimbuliwa barabarani.

Mnajua nafanya kazi kwenye barabara mpya ya kwenda Kasikeu. Chini ni zege, juu ni lami. Katikati tunanyunyiza lami nyepesi ya kunata, ili tabaka mbili zishikane.

Juzi tulikuwa tumeshanyunyiza. Kwaya ikafika ikielekea harusini.

Viatu vyeupe, jamani!

"Mutua, tutavukaje na hii gundi?" wakaniuliza.

Nikawaonea huruma, nikatandaza mchanga. Wakavuka wakiimba. Mashine ikaja, ikafunika kila kitu kwa lami.

Leo Injinia ametoboa hapo hapo kupima. Kipande kimetoka kizima, akakigusa tu, lami ikaachana na zege. Katikati, mchanga.

"Nani ametupikia chapati ya mchanga?"

Hata rafiki yangu dereva wa rola aliangalia viatu vyake.

Nikainua mkono.

Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi. Alisema malori yakianza kushika breki hapo, lami itateleza na kung'oka, na mtu atapinduka.

"Kesho tunang'oa. Ni hapa tu?"

"Ni hapa tu, Injinia."

Jioni hii nimefungua daftari langu. Ukurasa wa juzi, mwandiko wangu mwenyewe: "Nimemwaga mchanga mara mbili. Kwaya, kisha wazee wao, mbele zaidi kule kwenye kona."

Kwenye kona, jamani. Kwenye mteremko.

Nimempigia Injinia. Simu inaita.

Niombeeni.