Vibendera kwenye Grafu ya Kisima cha Mama

Mimi sina subira na wauzaji, na kila aliyewahi kukaa nami meza moja ofisini analijua hilo. Ofisi yetu ya maji hapa Tanga ilipotaka kununua mfumo wa kupima chumvi kwenye visima vya pwani, mkuu wangu alinipa mimi kazi ya kuchunguza programu kabla ya kununua, kwa sababu, alisema, nina mdomo. Vihisi vyenyewe havikuwa na taabu. Kihisi ni kijiti cha chuma, unakitumbukiza kisimani, kinapima. Taabu iko kwenye programu inayopokea vipimo, kuvihifadhi na kuvichora grafu. Ukikosea hapo, hata vijiti vyako ni vyuma tu.

Muuzaji wa programu ya kwanza alikuja kutoka Dar es Salaam na viatu vinavyong'aa. Akatuonyesha grafu safi, kama zimepigwa pasi, na vipimo vyote alikuwa amekuja navyo mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nikamwambia, "Kaka, hivyo ni vipimo vyako. Niachie leseni ya majaribio niipeleke kwenye kisima ninachokijua mimi." Akaniachia ya mwezi mmoja.

Kisima ninachokijua ni kimoja tu, cha mama yangu, Pangani, ng'ambo ya mto. Utotoni maji yake yalikuwa matamu. Miaka hii chumvi imeingia, hata wageni wakinywa chai ya mama walikuwa wakiuliza kwa adabu kama sukari imekwisha. Nilimwomba ahamie kwangu Mabawa, hapa Tanga mjini, kwenye nyumba yenye maji ya bomba. Jibu lake halikubadilika: "Kisima hiki alichimba baba yako, na mchanga nikiupokea mimi. Nikiondoka nani atakiteka?" Kwetu wanasema kisima kisichotekwa hufa. Nimesomea maji, na bado sithubutu kuwabishia.

Basi nikafunga kihisi kisimani, waya nikaupitisha dirishani mpaka kwenye kompyuta ya ofisi, juu ya meza ya mama. Programu ile, nisiseme uongo, ilikuwa na jambo moja nililolipenda. Ukibonyeza kitufe unaweza kusema maelezo kwa mdomo, nayo sauti yako inahifadhiwa pale pale kwenye grafu, na juu ya mstari kinasimama kibendera chekundu. Hilo lina maana kubwa. Ndoo ikizama, maji hutibuka na kipimo huruka. Asipokuwepo wa kukuambia kwa nini kimeruka, utadhani bahari imeingia ghafla.

Nikabandika kipande cha plasta kwenye kitufe, nikamfundisha mama. Akateka, akaingia ndani na mikono yake mibichi, akabonyeza.

"Nimeteka ndoo moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu mahakamani. Kisha akanigeukia. "Na bismillahi nayo inaiweka?"

"Inaiweka, mama."

"Na nisipoteka?"

"Usipoteka usibonyeze. Utaniharibia kazi."

Akaguna tu. Nikavuka mto nikarudi Tanga, nikamwachia mashine. Kila nilipompigia simu nilimuuliza kama taa yake ya kijani inawaka. "Inawaka," alisema siku moja. "Na inanisikiliza vizuri. Haikatizi maneno kama wewe." Tukacheka wote wawili. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ninayoyakumbuka neno kwa neno.

Asubuhi iliyofuata jirani alimkuta kwenye mswala wake, amelala ubavu. Presha, walisema. Nilipofika, wanawake walikuwa tayari wanateka maji ya kumwoshea, kwenye kisima kile kile, na kihisi kimeng'olewa kimetupwa kando ya ndoo. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa ameifunga kompyuta, akaiviringisha kwenye kanga na kuitia kabatini, ufunguo akaufunga pembeni mwa leso yake. "Msibani hakuna kazi ya ofisi," akaniambia. Alikuwa na haki.

Kwetu mfiwa hapiki, hafagii, hagusi kazi. Anakaa mkekani, watu wanakuja, wanasema kazi ya Mungu haina makosa, naye anaitikia. Nilikaa hivyo mpaka khitma ikasomwa. Nilijua mwezi wa leseni unakatika. Lakini ningeanzaje kudai kompyuta, udongo wa kaburi haujakauka? Wangesema binti ana haraka ya mshahara. Na kweli sikuona haraka, kwa sababu nilidhani mle ndani mna ndoo tu.

Niliporudishiwa kompyuta niliifungua palepale kwenye meza ya mama. Yakatokea maandishi: muda wa majaribio umekwisha. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya faili ambalo programu ile peke yake inaweza kulisoma, nayo ilikuwa imejifunga. Iliniachia picha ndogo ya grafu, ya kutazama tu.

Nikatazama. Penye ndoo palijulikana, mstari unaruka na juu yake pana kibendera. Lakini vibendera vilikuwa vingi kuliko maji anayoweza kutumia mwanamke mmoja. Vilisimama mahali ambapo mstari umenyooka, kisima kimetulia, hakuna aliyeteka. Mchana, jioni, baada ya saa za sala. Mama alikuwa akibonyeza na kuzungumza. Aliniambia nini, au alimwambia nani, sikujua. Nililia pale mezani mpaka mama mdogo akaja kunishika mabega, nami sikuweza kumweleza ninachokililia.

Nilimpigia simu muuzaji. Akanipa pole, na naamini ilitoka moyoni. Kisha akasema faili halifunguki bila leseni kamili, na leseni kamili inakuja na mfumo mzima. Mtu mmoja hawezi kununua.

"Lakini dada, si wewe unayetoa maoni ofisini? Pitisheni yetu. Siku hiyo hiyo utafungua."

Nilitaka kumtukana. Nilishindwa, kwa sababu alikuwa amenitangulia tu kusema nililokuwa nalo mimi rohoni. Nikampelekea pia fundi wa kompyuta wa Ngamiani, akahangaika na lile faili mchana kutwa, akanirudishia huku anaangalia chini.

Programu ya pili ilikuwa na sura mbaya. Herufi ndogo, rangi za kuchosha macho, sauti haina, maelezo unaandika kwa vidole. Ila kila kipimo ilikihifadhi kwa maandishi ya kawaida, yanayosomeka kwenye kompyuta yoyote, leseni iwepo isiwepo. Niliichukia kwa uzuri wake huo.

Mkuu wangu alikuwa amesikia habari ya lile faili. Akaniita, akafunga mlango. "Mwanangu, zote mbili zinapima. Ukisema tuchukue ya kwanza, hapa hakuna atakayekulaumu."

Nikatoka nje nikazunguka kwa miguu mpaka jasho likanitoka. Nilitaka kumsikia mama. Sikuwa nikitaka kitu kingine duniani, na nilikuwa nimepewa ruhusa. Kila nilipofikia kusema ndiyo, nikawaona wanawake wa visima vingine, wanateka na kueleza, miaka na miaka, halafu unakuja mwaka mmoja ofisi inakosa fungu la leseni na yote yanafungwa kama yangu. Hasira ikanipanda, kwa programu, kwa mama aliyekuwa hasikii akikatazwa, kwa Mungu pia, astaghfirullah. Niliporudi nikaandika kwamba ya kwanza isinunuliwe, kwa kuwa tutakavyopima havitakuwa vyetu.

Mkuu akasoma, akavua miwani. "Umejifungia mlango mwenyewe," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Lile faili ninalo. Nimelinakili kila mahali, na kila mahali halifunguki.

Mfumo ulipokuja, wenye ile programu ya pili, kisima cha mama kilikuwa miongoni mwa visima vya kufungiwa vihisi, nami nikaomba nikifunge mimi. Nyumba ilikuwa kimya, jirani ndiye anayekuja kuteka kisije kikafa. Nikatumbukiza kihisi, nikateka maji, nikaona mstari unaruka, nikaandika maelezo yake: nimeteka ndoo moja. Maji yakatulia. Mstari ukanyooka, na mimi sikuwa na ndoo nyingine ya kuteka.

Nikaandika hivyo hivyo: shikamoo, mama.