Siku Sita za Mtoni

Karakana ya kujalidi vitabu ilikuwa nyuma ya shule, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, harufu ya gundi na karatasi kuukuu, na meza moja iliyolika ukingoni kwa viwiko vya mtu mmoja. Mtu huyo watu walimwita Fundi Jalada. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akivifufua vitabu vilivyovunjwa mgongo na wanafunzi. Hufumua uzi wa zamani, husawazisha kurasa, hushona upya, hupaka gundi, kisha hubana kwenye jeki ya chuma hadi kesho yake. Walimu walikuwa wakisema ukimpelekea kitabu kilichotafunwa na panya, atakurudishia kitabu, na panya atakuja mwenyewe kuomba radhi.

Alhamisi hiyo alikuwa ameshika sindano kwa meno pale shemeji yake alipoingia bila kubisha. Alikuwa mke wa kaka yake, mkunga kwa kazi, na bado alikuwa na sare na viatu vya raba vya wodini. Hakuwa amepitia nyumbani.

"Wamepiga simu kutoka hifadhi ya wanyama," alisema.

Fundi alitoa sindano mdomoni. "Wanasemaje?"

"Kuna vitu vimepatikana. Kuna mkanda wenye nembo ya reli. Wanataka ndugu waende kuvitambua."

"Mkanda tu?"

"Hawakusema yote. Yote hayasemwi kwa simu, hata mimi kazini siyasemi." Aliegemea meza kama mtu aliyesimama tangu jana. "Jumamosi kuna treni ya asubuhi na nyingine ya kurudi jioni. Twende mimi na wewe. Watoto siwaambii kitu mpaka nione kwa macho yangu."

"Wamevipata wapi?"

"Nyuma ya kile kilima cha mawe. Upande wa reli."

Fundi alitafuta udhuru. Kulikuwa na vitabu vya maktaba, kulikuwa na mgongo wake unaomsumbua akikaa sana. Mdomo ukasema, "Sawa, shemeji." Alipoondoka, Fundi alitazama kitabu kilichokuwa mbele yake akakuta ameshona fungu zima la kurasa juu chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mwanagenzi.

Treni ya Jumamosi iliondoka kukiwa kumekucha vizuri. Walikaa wakitazamana dirishani. Shemeji alikuwa na mfuko wa nguo mtupu, ameukunja vizuri na kuuweka mapajani. Fundi hakuuliza ni wa nini.

Njia hii aliijua kama kiganja chake. Kila mwaka shule zikifungwa, yeye na kaka yake walikuwa wakipita hapa kwenda kupiga kambi. Kaka alikuwa makanika wa reli, na wenzake walimpa jina la Injini kwa sababu akikoroma hata vikombe vilicheza kabatini. Kazini alipewa kibali cha kusafiri bure pamoja na ndugu mmoja, na ndugu huyo siku zote alikuwa Fundi. Hema alilishona mwenyewe kwa turubai la behewa, zito kama mtu aliyezimia, na vigingi vyake vilikuwa vipande vya chuma chakavu. Wenye mahema mepesi wakimcheka, yeye alikuwa akiwajibu, "Ngojeni tembo aje. Yenu atayakanyaga. Langu atalisalimia, atadhani ni mwenzake."

Walikula maharage yaliyoungua upande mmoja, wakanywa chai yenye moshi, na Injini akamfundisha mdogo wake kusoma alama za kwato kwenye udongo mkavu: huyu alikimbia, huyu alisimama hapa akasikiliza. Mwaka mmoja mvua iliwanyeshea siku tatu mfululizo. Walicheza karata ndani ya hema mpaka karata zikalowa na kushikana, na Fundi akazibandua moja moja kwa wembe, kaka yake akishangilia kila moja inayopona. Ndio mwaka aliopenda kuukumbuka.

Leo alijaribu kuuita, haukuja. Uliokuja ni mwaka wa mwisho, sasa imepita miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana. Injini alisema anakwenda kuchungulia kidogo, hakusema wapi. Alivaa shingoni filimbi yake ya kazini. "Bwana mdogo, usilale," alisema. "Moto ufuke moshi, nijue ulipo. Nikipiga filimbi, unijibu." Fundi akasema sawa. Kisha akajilaza kidogo tu, kunyoosha mgongo. Alipoamka jua lilikuwa limeinama, moto umezimika, na kambi ilikuwa kimya mpaka nzi walisikika juu ya sufuria.

Askari wa hifadhi walipomuuliza kaka ameelekea wapi, aibu ilimkaba. Atawaambiaje watu kwamba aliachiwa kazi ya kukaa macho na akalala? Dumu la maji hakuliona mahali pake, akadhani kaka atakuwa ameshuka mtoni. Ilikuwa dhana tu. Lakini ilitoka mdomoni ikiwa kitu kingine: "Nilimwona kwa macho yangu akishika njia ya mto." Ikaandikwa. Kesho yake alilikuta dumu limebingirika nyuma ya hema. Angeweza kusema. Alilijaza maji, akalirudisha mahali pake.

Walitafuta mtoni siku sita, wakasema ni mamba. Familia ikalia bila jeneza.

"Shemeji," mkunga alisema ghafla, "nisimulie tena."

"Nikusimulie nini?"

"Siku ile. Alivyoondoka."

Fundi alitazama nje. Nyasi zilikuwa zimechomwa pande zote mbili za reli, nchi nyeusi tupu, bila ndege hata mmoja. "Alimaliza kula. Akashika njia ya mto."

"Uliona mgongo wake?"

"Niliona mgongo."

"Aligeuka?"

Miaka yote hiyo mkunga hakuwahi kuuliza hilo. Fundi aliyarudisha macho dirishani. "Aligeuka. Akapunga mkono."

Mkunga aliitikia kwa kichwa polepole, akatabasamu kwa mbali, na tabasamu lile lilimchoma Fundi kuliko tusi. Uongo wake mkongwe ulikuwa umezaa mwingine, mchanga kabisa, na mama wa watu alikuwa ameupakata.

Kila stesheni walishuka watu na hakupanda mtu. Mwishowe behewa zima likabaki lao. Mkata tiketi alipita, akawatazama, akarudi. "Mna uhakika mnashuka hapo? Siku hizi hawashuki wageni. Kambi ya zamani imefungwa."

"Tuna uhakika, mwanangu," mkunga alisema.

Pale stesheni alikuwepo mzee mmoja wa sare ya kijani, mvi zimejaa, gari lake linanguruma bila kuzimwa. Fundi alimtambua kabla hajafungua mdomo. Ndiye aliyeongoza ule msako.

"Poleni na safari," mzee alisema. Akamshika Fundi mkono, asiuachie mapema. "Wewe ndiye yule mdogo wake. Nakukumbuka vizuri."

Ofisini kulikuwa na meza, feni isiyozunguka, na ramani ya hifadhi ukutani. Upande wa mto ulikuwa umepakwa penseli wote, mraba baada ya mraba. Upande wa kilima ulikuwa mweupe. Fundi alijitahidi asiitazame, lakini macho yalikuwa yakirudi huko huko.

Juu ya meza walikuwa wametandika shuka: mkanda uliokakamaa, buti moja, na filimbi iliyoshika kutu. Mkunga aliigusa buti kwenye kisigino. "Akitembea alikuwa akiulalia upande huu," alisema. "Nilikuwa nikimgombeza." Akaondoa mkono. "Na yeye mwenyewe?"

"Mifupa ipo hospitali ya wilaya, mama. Mtapewa karatasi mkaichukue. Daktari ameiangalia." Mzee alishusha sauti. "Mguu wa kulia ulivunjika, juu ya goti. Alianguka."

"Nataka kupaona."

"Mama, si lazima."

"Nimesema nataka kupaona."

Gari liliwafikisha kwenye kambi ya zamani, kisha wakaenda kwa miguu. Fundi aliona mahali hema liliposimama, vichaka vimepameza. Akaanza kuhesabu hatua bila kutaka. Walizunguka kilima, wakapita kati ya mawe mawili makubwa, na mzee akasimama. Dakika kumi na tano. Hata kumi na tano hazikufika.

Ilikuwa korongo jembamba, na chini yake jiwe limejitokeza kama ukumbi mdogo. Wachoma nyasi wa reli ndio waliopaona, mwezi uliopita, moto ulipoondoa vichaka. Chini ya jiwe palikuwa na mawe madogo yaliyopangwa duara, na vipande vya mkaa.

"Aliwasha moto," mkunga alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mtu aliyekufa kwa kuanguka hawashi moto."

Mkunga alipiga magoti, akapitisha mkono ukutani mwa jiwe, taratibu, kama anavyopapasa tumbo la mjamzito kutafuta mtoto amelalaje. Vidole vyake vikasimama. Palikuwa na mistari imekwaruzwa, huenda kwa bizimu ya chuma ya mkanda. Minne.

"Hii ni siku?"

"Hatuwezi kujua, mama. Huenda ni siku, huenda si kitu."

"Mlitafuta siku ngapi?"

"Sita."

"Na huku hamkufika." Hakupandisha sauti. "Hatua chache namna hii kutoka kambini, na hamkufika."

Mzee alimtazama Fundi, kisha akainamisha kichwa. "Tuliambiwa alionekana akienda mtoni. Mtu akishaonekana kwa macho, mama, nani atakwenda kumtafuta kwingine?"

Upepo ulikuwa umekata. Fundi alijua kwamba akinyamaza sasa, mzee atachukua lawama, mkunga atarudi nyumbani na ule mkono uliopungwa, na hakuna atakayejua kamwe. Ilikuwa rahisi hivyo. Alifungua mdomo aseme twendeni, treni itatuacha.

"Sikumwona," alisema.

Mkunga aligeuka.

"Sikumwona akiondoka, shemeji. Alinipa kazi nikae macho, nikalala. Mto niliubuni. Dumu la maji sikuliona, nikadhani. Kesho yake nikalipata, nikanyamaza."

"Ulilala."

"Nililala."

"Kulala si kosa. Mimi nimewahi kulala zamuni, watu wakizaa vyumba vya jirani." Alikuwa bado amepiga magoti. "Nakuuliza ulipoamka. Siku sita ulikuwa macho. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Niliogopa mtaniona sifai."

Mkunga aliitazama tena ile mistari. "Alipiga filimbi?"

"Sijui. Wallahi sijui, shemeji."

"Na leo kwenye treni. Eti aligeuka, akapunga mkono."

Mkunga aliinuka.

"Mzee," mkunga alisema, akijifuta mavumbi magotini, "yaandike haya aliyoyasema. Yaandike kama alivyoyasema, na aweke saini."

Yaliandikwa. Ofisini, Fundi alishika kalamu mbele ya ile ramani, na saini ikatoka kama ya mtoto anayejifunza. Mzee wa sare ya kijani alisoma karatasi mara mbili, akavua kofia, akaketi. "Nilikuwa na watu ishirini," alisema, bila kumwambia yeyote. "Wawili tu ningewapeleka kule kilimani, wangetosha."

Kwenye treni ya kurudi mkunga alikaa kiti kile kile, akimtazama Fundi usoni, mfuko mapajani ukiwa na vitu vyake vitatu. Hakulia. Fundi alipojaribu kusema, aliinua kiganja. "Usiniite shemeji kwa sasa. Ukitaka kuniita, ngoja nikuambie." Behewa lilijaa watu tena, stesheni kwa stesheni, na vicheko, na mizigo, na mtoto aliyetaka kuketi dirishani. Fundi alimpisha, akasimama safari yote iliyobaki.

Stesheni ya mjini walikuwa wakisubiri watoto wa marehemu, kijana mwenye ndevu sasa, na dada yake. Mtu alikuwa amewaambia. Binti alimkimbilia mama yake. Kijana akamjia Fundi, akampokea mkoba kwa mikono miwili, kama alivyofanya tangu utoto. "Pole na safari, baba mdogo. Umechoka sana."

Fundi alimtazama mkunga, akitumaini kwamba atasema yeye, au atasema kesho, au nyumbani mlango ukiwa umefungwa.

Mkunga alivuta binti yake karibu. "Baba yenu mdogo ana maneno," alisema. "Msimkatize mpaka amalize."

Watu walikuwa wakiwapita pande zote wakienda zao. Fundi Jalada aliutazama mkono wa kijana uliokuwa umeshika mkoba wake, akaanza kusema, na kabla hajafika kwenye lile dumu la maji, mkono ule uliushusha mkoba chini, taratibu, ukauacha.