Mwaka wa Joka Ulikuwa wa Dada

Mimi mdomo wangu haufungi, kila mtu Ifakara anajua, lakini hili nimelinyamazia. Nilikuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Jikoni kulikuwa na kalenda nyekundu yenye picha za wanyama kumi na wawili, na siku moja wakati wa chakula cha mchana msimamizi wetu, mzee mpole aliyejua Kiswahili cha kazini, akatueleza habari zao. Zamani sana mfalme wa mbinguni aliwaita wanyama washindane kuvuka mto. Panya akapanda mgongoni kwa ng'ombe, walipokaribia ng'ambo akaruka, akawa wa kwanza. Kila mnyama akapewa mwaka kwa jinsi alivyofika, na mtu huchukua mnyama wa mwaka aliozaliwa.

"Mwizi wa mpunga ndiye wa kwanza?" nikadakia. "Na mto gani huo hauna mamba wala kiboko?"

Lakini loo, kambi nzima ilipagawa! Kila mtu alitaka mnyama wake, maana kwa watu wa utani kama sisi hiyo ilikuwa karamu. Dereva akawa tumbili, akakosa amani wiki nzima. Fundi magari, Mwislamu safi, akaangukia nguruwe, akaomba abadilishiwe. Na mimi mjuaji nikapanga foleni.

Nikataja mwaka ulioandikwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Mzee akahesabu kwa vidole, tabasamu likamfutika.

"Joka. Na mwaka huu wa joka tena. Mama, mwaka wa mnyama wako ni mbaya kwako. Vaa nyekundu. Angalia sana."

Moyo ulinilipuka, kwa sababu mwaka ule haukuwa wangu. Nilipofeli darasa la saba, baba alinirudisha shule nyingine kwa jina na cheti cha dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka miwili, na karatasi zangu zote zikafuata hukohuko. Wengi wamesoma hivyo, lakini ningesema mbele ya bosi, kazi ingeota mbawa. Jioni nilinunua kitambaa chekundu sokoni nimpelekee dada, kikaishia kwenye pochi. Ningemwambia nini? Dada ni mtu wa rozari, angenifukuza na ushirikina wangu. Nami nikajidanganya kwamba siamini.

Masika ikaja vibaya. Mvua ilinyesha kule milimani, na huku bondeni maji yakapanda polepole, bila kelele. Mama alikuwa ng'ambo ya mto, shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia mpunga usiliwe na ndege. Siku ya tatu simu yake ikazimika. Daraja lipo, sawa, lakini halifiki shambani kwa mama. Ukishatoka barabarani ni mtumbwi. Asubuhi ya siku ya nne mimi na dada tulikuta panya wakivuka lami kweupe, kundi kwa kundi, wakiyakimbia mashamba. Sikucheka.

Mwenye mtumbwi alisema atachukua mmoja wetu tu, ili mama apate pa kukaa wakirudi.

"Nenda wewe, mdogo wangu," dada akasema. "Unajua kuogelea kuliko mimi."

Nikayatazama yale maji. Niliogopa, Mungu anisamehe, niliogopa.

"Tumbo linaniuma, dada."

Hakubishana. Alipiga ishara ya msalaba, akapanda, na mikono yangu hii ndiyo iliyousukuma mtumbwi.

Walirudi jua likiwa limeshainama. Mama alikuwa ameloa chapa, anatetemeka. Dada alikuwa amechubuka uso mzima; mtumbwi ulipinduka wakati wa kwenda, akang'ang'ania mti mpaka mwenye mtumbwi alipoweza kumvuta. Nilimrukia nikilia kama mtoto, nikamfunga kile kitambaa mkononi, na yote yakanitoka hapohapo: kalenda, cheti, joka, nyekundu.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya yote ulikuwa unayajua asubuhi?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na tumbo, lilikuwa linauma kweli?"

Nilishindwa kumwangalia. "Hapana, dada."

Akakifungua kitambaa, akanirudishia. Kisha akamshika mama mkono, wakashika njia ya nyumbani, na mama hakugeuka kuniita.