Marehemu Aliyekula kwa Mkono wa Kushoto

Bibi yangu alimwona mumewe siku sabini baada ya kumzika.

Alimwona mchana, alasiri imeshaswaliwa, kwa macho yake mawili. Amesimama, anacheka, anachota pilau.

Tatizo, jamani, alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

Msiniambie ilikuwa ndoto. Nawapa mkasa kama nilivyopewa na mwenyewe Bibi Mwanamkasi, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Mnaonijua mnajua kwamba mtia chumvi wa ukoo ni mimi. Leo nimeiweka kabatini.

Mwaka ni 1938, Bagamoyo, mji mkongwe. Mwanamkasi ana miaka kumi na tisa. Mwezi wa tano kaolewa na Mwishehe, mpishi wa Mzungu mmoja wa mkonge upande wa Zinga. Mwezi wa kumi Mwishehe akashikwa na homa Jumatatu. Alhamisi wakamzika.

Ndoa ya miezi mitano. Kisha eda.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na katika nyumba ile ilishikwa barabara. Nguo nyeupe tu. Hakuna wanja, hakuna udi, hakuna kutoka. Mwanamume wa kando asikuone, na sauti yako asiisikie. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani, na joto la mwezi wa kumi na mbili mnalijua.

Mama mkwe wake, Bi Biubwa, alilala mkekani pale pale mlangoni. Hakuwa mbaya. Lakini hata kwenda chooni Mwanamkasi alitoka na mtu.

Kazi yake ilikuwa kudarizi kofia aliyoianza kwa ajili ya Mwishehe. Alidarizi, akafumua, akadarizi tena. Ikiisha atafanya nini?

Siku moja akaiweka chini.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Sura inanitoka."

"Sura gani?"

"Ya Mwishehe. Jana nimeitafuta usiku kucha. Nimepata kofia na sauti. Uso sikuupata."

Picha ya Mwishehe haikuwepo hata moja. Nani alipigwa picha siku hizo? Mwanamkasi alikuwa amefungiwa chumbani na mtu anayeyeyuka, na hakuwa na pa kwenda kumtafuta.

Sasa tuvuke twende Zinga.

Huko kwa Mzungu kulikuwa na kijana anaitwa Bwanausi, boi wa nyumbani, rafiki wa chanda na pete wa marehemu. Mzungu yule alikuwa mgonjwa wa sinema. Alikuwa na kamera yake, na mashine mbili za kuonyeshea. Moja kubwa, ya utepe mpana wenye matundu pembeni, ilitaka jenereta. Nyingine ndogo, ya utepe mwembamba kama kidole cha mwisho, matundu yake katikati. Hiyo ndogo ukiizungusha kwa mkono inajiwashia taa yenyewe.

Krismasi ile ilikuwa ya mwisho kwake nchini. Siku mbili baada yake anapanda meli, harudi. Basi akapanga onyesho la kuaga, barazani kwake, wageni ishirini. Bwanausi akapewa kazi yote: kutundika shuka, kupanga viti, kujaribu kila utepe asije akaaibika mbele za watu.

Tepe nyingine zilikuwa ndiyo kwanza zimerudi kutoka Ulaya zilikopelekwa kusafishwa. Bwanausi akajifungia stoo, akaanza kuzijaribu moja moja.

Ya nne akaipachika, akazungusha.

Mwishehe akatokea ukutani.

Bwanausi aliniambia mwenyewe kwamba aliachia mpini akakaa chini kwenye gunia. Halafu akainuka, akazungusha tena, huku analia.

Ilikuwa siku ambayo Mzungu alialika watu, mwezi wa sita, na mpishi akaambiwa ale mbele ya kamera. Mwishehe anachota pilau kwenye sinia, anatia kinywani, anacheka, anaweka mkono kifuani. Dakika moja na kidogo.

Jioni ile ile Bwanausi akapanda baiskeli mpaka mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema. Mama, Mwishehe yupo kwenye sinema ya Bwana. Anatembea. Anacheka."

Bi Biubwa akashika kizingiti.

"Usinifanyie mzaha, Bwanausi."

"Wallahi. Na siku mbili baada ya Krismasi inapakiwa, inaondoka."

Nyuma ya pazia Mwanamkasi alisikia kila neno. Eda yake ilikuwa imebakiza siku sitini. Meli haingoji eda.

Alipoondoka Bwanausi, akamshika mama mkwe miguu.

"Mama, kama siwezi kumfuata, mwacheni aje yeye."

Bi Biubwa alikaa na jambo lile siku mbili. Sinema katika nyumba ya msiba? Mwanamume anaonyesha, mwenye eda anatazama? Lakini na yeye ni mama. Mwishowe akatafuta njia, akamtumia Bwanausi ujumbe: mashine ikae ukumbini na Bwanausi, wanawake wakae chumbani, na shuka litundikwe mlangoni kati yao. Litakuwa pazia, na litakuwa ukuta wa sinema. Ana akili, yule mama!

Tarehe ishirini na nne Bwanausi akatumwa mjini kuchukua mizigo ya sikukuu. Mashine ile ndogo, pamoja na utepe, akaitia ndani ya gunia la mchele, bila ruhusa ya mtu. Angekamatwa, kibarua kingeota nyasi.

Nyumbani nguo nyeupe nyepesi ilikuwa moja tu, kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda. Bi Mize, jirani aliyekuwa akimsaidia mwenye eda kuoga, alipokiona alishika kichwa.

"Biubwa, hicho?"

"Hakuna kingine. Funga dirisha."

Wakakilowesha maji ili mwanga upenye, wakakitundika. Chumba kikawa giza totoro. Mwanamkasi alikaa kitini, magoti yamegusana, hewa hamna. Kule ukumbini mashine ikaanza kulia kama cherehani.

Na Mwishehe akaja.

Uso ndio ule! Lile pengo, lile sikio lililokunjika juu. Ulikuwa wapi siku zote hizi, bwana wee?

Mwishehe akanyoosha mkono kwenye sinia.

Wa kushoto.

Akachota kwa kushoto. Akala kwa kushoto. Akatazama mbele, akacheka, akajishika kifua kwa mkono huo huo.

"Audhubillahi!" Bi Mize akaruka. "Si mtu huyo! Jini kajivika sura yake! Nani muislamu anakula kwa kushoto?"

"Kushoto kupi?" Bwanausi akauliza kutoka ukumbini. "Anakula kwa kulia, mama!"

"Kushoto!"

"Kulia! Mbona namwona?"

"Una macho au una vifungo? Kushoto!"

Bi Mize hakungoja jibu. Alipita mlango wa uani bila viatu, na viatu vyenyewe alivifuata siku ya tatu.

Mashine ikanyamaza. Giza. Bi Biubwa akasema, sauti si yake.

"Bwanausi. Mwondoshe."

"Lakini mama..."

"Nimesema mwondoshe nyumbani kwangu. Amekuja kunisuta."

Mwanamkasi akageuka. Kukusuta? Kwa lipi? Hakupata kuuliza. Ukumbini Bwanausi alikuwa anafungua utepe, anautia kwenye kopo. Jua linakwenda, na Zinga ni mbali. Akishatoka mlango ule ndiyo basi. Mwishehe atapanda meli kama mzigo, na yeye atabaki na ukuta wa jirani.

Afanye nini? Atoke aende upande wa pili? Haruhusiwi. Amwite? Haruhusiwi. Mikono ikatafuta cha kushika gizani, ikaikuta kofia.

Akaipapasa. Nje, jani alilolidarizi linalalia kulia. Akaingiza kidole ndani. Jani lile lile, uzi ule ule, linalalia kushoto.

Nje kulia. Ndani kushoto.

Akakumbuka kiraka. Wiki ya kwanza ya ndoa Mwishehe aliunguza kanzu kwa samli, mkono wa kulia, na yeye ndiye aliyekitia kiraka. Kwenye shuka kiraka kilikuwa kushoto. Hata kiraka kimehama!

Si jini. Ni sisi tumekaa upande wa ndani wa nguo.

"Mama, mwambie ageuze utepe."

Bi Biubwa alikuwa amejifunika ushungi uso mzima, analia. Hakusikia.

Kopo likafungwa. Gunia likakokotwa sakafuni.

"Shemeji!"

Siku sabini mwanamume wa kando hakuisikia sauti ile. Ilitoka imepasuka, hata mwenyewe hakuitambua.

"Shemeji Bwanausi, usiende. Ugeuze utepe. Upande wa mbele uwe nyuma."

Gunia likaacha kukokotwa. Kisha, taratibu: "Nimekuelewa."

Utepe ule mwembamba matundu yake yako katikati, kwa hiyo ukiugeuza mashine haijali, inaumeza vile vile. Ule mpana ungemsumbua. Akaupachika upya, akazungusha.

Mwishehe akarudi. Akanyoosha mkono wa kulia. Akala kwa kulia. Akacheka, mkono wa kulia kifuani, na kiraka kipo pale pale alipokishona mkewe.

"Mama, tazama. Tazama jamani, kulia!"

Bi Biubwa akafunua uso. Akatazama mpaka mwisho.

"Tena," akasema.

Bwanausi akarudia. Mara ya tatu. Ya nne. Mwanamkasi aliukariri ule uso kama mtu anayekariri sura ya Kurani, kipande kwa kipande, asije akaupoteza tena.

Jua likawa limelala. Bwanausi akasema, "Mama, ya mwisho hii. Nikichelewa nimekwisha."

Hapo ndipo Bi Biubwa alipotoa neno ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Basi ya mwisho nirudishie yule wa kwanza. Wa kushoto."

"Mama?" Mwanamkasi akashangaa.

"Mwanangu alizaliwa na shoto. Nilimfunga mkono kwa utambaa wa kanga, toka ana miaka mitatu mpaka saba. Alilia mpaka akazoea. Hakuna aliyejua, hata wewe mkewe." Akajifuta. "Nilipomwona pale nikadhani amekuja kuniuliza. Mrudishe. Mara moja tu nimwone anakula kama alivyoumbwa."

Bwanausi akaugeuza. Mwishehe akala kwa kushoto, akacheka. Mama yake naye akacheka, machozi yanamtiririka.

Bwanausi alikanyaga baiskeli mpaka Zinga kabla hawajamuulizia. Kwa haraka akaugeuza tena utepe uliokwisha kukaa sawa, na kesho yake wageni wa Krismasi wakamwona Mwishehe anakula kwa kushoto, na Bwana mwenyewe, aliyesimama nyuma yake, vifungo vya koti vimehamia upande wa kike. Wazungu ishirini. Hakuna aliyegundua kitu. Walipiga makofi.

Mzungu akapanda meli na makopo yake.

Siku Mwanamkasi alipotoka eda, Bwanausi alikuja kutoa mkono wa pole. Akampa Bi Biubwa kibiriti.

"Mpe mwenyewe, Mwanamkasi," akasema.

Ndani hamkuwa na njiti. Kulikuwa na kipande cha utepe, picha kumi na moja, kila moja ndogo kama ukucha. Alikikata kwa mkasi wa jikoni usiku wa Krismasi. Wizi ni wizi, sikatai. Ukikiweka kwenye mwanga unamwona Mwishehe mkono uko kinywani. Upande huu anakula kwa kulia. Ukikigeuza, kushoto.

Mwaka mmoja baadaye Bwanausi akarudi na wazee, kuposa. Aliyejibu posa, akamwoza Mwanamkasi kutoka nyumbani kwake kama binti wa kumzaa, ni Bi Biubwa.

Ndiyo. Bwanausi ni babu yangu.

Na mimi nina shoto. Nilipokuwa na miaka minne shangazi alileta utambaa anifunge mkono. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaacha ungo, akaingia chumbani, akatoka na kibiriti.

"Mkono mfunzeni," akasema. "Msiufunge."

Kisha akanikalisha dirishani, akaniwekea kile kipande machoni, akanisimulia haya yote. Babu alikuwepo, anasikiliza habari za mume wa kwanza wa mkewe, na pale bibi alipokosea yeye alimrekebisha.

Ukimwona mwenzio anafanya mambo kinyume, kabla hujamwita jini, jiulize wewe umekaa upande gani wa shuka. Na kama mtu wako anataka kukuonyesha kitu, usikimbie ukaacha viatu.

Jina langu mimi ni Mwishehe. Alinipa babu.