Joto la Kompyuta ya Marehemu

Fundi wetu wa kompyuta hatengenezi kitu kabla hajamlaumu mtu. Hufungua kasha, hupuliza vumbi kwa mdomo, husogeza mgongo wa kiganja karibu na prosesa, ubongo wa mashine, kama anayempima mtoto homa, kisha husonya. Jana alisonya mbele ya wateja wangu waliokuja kuchapisha. "Prosesa inakula umeme kupita kiasi, ndiyo maana inaungua. Marehemu mumeo alipenda sifa, mama! Kaipandishia umeme mpaka mwisho, eti ikimbie." Mteja mmoja akacheka. Fundi akawasha, akabonyeza kibodi kwa kidole kimoja, akipunguza umeme kidogo kidogo huku midomo ikichezacheza, hadi feni iliyokuwa ikivuma ikatulia.

"Umeona? Na kasi iko palepale."

"Nimeona. Na siku ulipoipandishia umeme wewe, mume wangu akikukataza, niliona pia. Ulikalia kiti hichohicho."

Akainamia skrubu zake. "Basi, mama, yaishe," akanong'ona, yeye ambaye sauti yake hufika barabarani.

Nikasimama mlangoni. "Hayaishi kwa kunong'ona. Msafishe jina kwa sauti ileile uliyomchafulia, na hawa wasikie."